Kidumu cha petroli na zile dakika sita za Istanbul

Kuna uongo nimeishi nao miaka ishirini, na sio uongo wa hela wala wa mapenzi, ni wa mpira. Kila mtu akianzisha stori ya Istanbul, ile fainali ya Klabu Bingwa Ulaya ya Liverpool na AC Milan ya 2005, mi ndo huwa nasimama. Naigiza Gerrard, nahodha wa Liverpool, anavyoruka kichwa, naigiza anavyorudi katikati huku anawapandishia mashabiki mikono kama anawaambia amkeni nyie, halafu watu wanacheka wanasema aisee huyu jamaa aliiona ile mechi. Sasa ngoja niseme ukweli. Lile goli mi sikuliona, la pili sikuliona, na la tatu pia sikuliona.

Sio kwamba sikuwepo. Nilikuwepo, kiingilio nililipa mia mbili yangu, na kipindi cha kwanza chote kile cha mateso nilikaa nikakila. Ila zile dakika sita ambazo dunia nzima inazizungumzia, kuanzia ya 54 mpaka ya 60, mi nilikuwa sehemu nyingine nafanya kitu kingine, na hicho kitu kingine ndo nimekificha muda wote huu. Nitakisema, subiri kidogo.

Nilikuwa Morogoro, Mji Mpya, darasa la saba, naishi kwa bibi. Banda letu la kuangalia mpira lilikuwa kibanda umiza haswa, kuta mabati, juu turubai, ndani mabenchi ya mbao ambayo ukikaa mwisho mwisho wenzako wakisimama kushangilia wewe unapinduka. TV ya chogo inchi 21 imewekwa kwenye kabati lenye kufuli, dishi juu ya paa la nyumba ya jirani. Mwenye banda tulikuwa tunamwita Mjomba, sio mjomba wa mtu yeyote pale, ila ndo jina. Mjomba hakuwa na timu. Ukimuuliza we timu gani anakwambia timu yangu ni kiingilio. Siku zote anasimama mlangoni na kopo la hela, mgongo kaupa ukuta, anaangalia mpira kwa pembeni hivi kama mtu anayeangalia mvua.

Mi Liverpool nilianza kuipenda kwa ajili ya Owen. Hilo nalo ni la kuchekesha maana Owen alishaondoka 2004 kwenda Real Madrid, kwa hiyo msimu ambao timu inabeba Ulaya yule aliyenileta hayupo, kaniacha na kina Djimi Traore na Igor Biscan. Na timu yenyewe ilikuwa ya kawaida jamani tusidanganyane. Kwenye ligi tulimaliza wa tano, chini ya Everton! Everton ndo walikuwa wa nne. Makundi ya Ulaya tulitoka kwa lile shuti la Gerrard dakika ya 86 dhidi ya Olympiacos, tunahitaji tushinde kwa tofauti ya magoli mawili na Rivaldo alishatufunga mapema, tukaenda tukashinda 3-1 kwa jasho. Nusu fainali tukamtoa Chelsea ya Mourinho kwa goli la Luis Garcia ambalo mpaka leo shabiki wa Chelsea ukimtajia anakwambia mpira haukuvuka mstari, na mi huwa namjibu refa alisema umevuka kwa hiyo umevuka.

Halafu upande wa pili Milan. We angalia tu hiyo beki, Cafu, Stam, Nesta, Maldini. Katikati Pirlo, Gattuso, Seedorf, mbele yao Kaka, mbele yake Crespo na Shevchenko ambaye alikuwa na mpira wa dhahabu wa 2004, ile tuzo ya mchezaji bora. Ile ni timu unaichora kwenye daftari la hesabu unajifurahisha.

Jumatano, tarehe 25 mwezi wa tano, mechi inaanza saa 3:45 usiku. Muda wa kule Uturuki kipindi kile ulikuwa sawa na wa kwetu kwa hiyo hakuna kukesha, ni muda mzuri tu, banda limejaa mpaka watu wamekaa chini kwenye vumbi mbele ya benchi la kwanza. Wengi pale ni Man U na Arsenal wamekuja kutuangalia tunavyokufa. Liverpool tulikuwa kama saba.

Mpira umeanza, dakika moja haijaisha, faulo, Pirlo anapiga, Maldini anaunganisha kwa mguu wa kulia, goli. Nakwambia mlangoni watu walikuwa bado wanarudishiwa chenji. Jamaa mmoja aliingia anauliza wameshaanza? akaambiwa wameshamaliza.

Kwenye dakika ya thelathini hivi umeme ukakata. Ndo kelele zile, matusi, miluzi, Mjomba akatoka akavuta kamba ya jenereta mara nne, mara ya tano ikaitika, TV ikarudi na dikoda ikaanza kutafuta mawimbi, ikatafuta ikatafuta, tulivyorudi bado moja bila. Na tungebaki gizani ingekuwa heri, maana ndo tukaja kuona ile Luis Garcia anaingia kwenye boksi, mpira unamgonga Nesta mkononi, sisi saba tumesimama tunalia penati penati, refa kachuna, na Milan hao hao wanatoka na mpira huo huo wanakwenda kufunga. Shevchenko kampa Crespo, mbili. Dakika tano baadaye Kaka anapokea mpira katikati, anageuka, Gerrard anabaki anaangalia mgongo wake, halafu inatoka ile pasi. Mi sijawahi kuona pasi kama ile kwenye fainali na sidhani kama nitaona. Imechana beki nzima kama wembe kwenye kanga, Crespo hakuutuliza hata, aliuinua tu juu ya kipa wetu Dudek. Tatu bila, haftaimu.

Banda likawa kama sokoni. Jamaa wa Man U wanapiga ngoma kwenye mabati, nusu ya watu wameondoka, kati ya sisi saba watatu walitoka bila kuaga. Kule uwanjani kumbe mashabiki wa Liverpool walikuwa wanaimba ule wimbo wao wakati watu wameshapigwa tatu, ila sisi sauti tulikuwa hatuisikii, jenereta lilikuwa linanguruma hapo hapo nyuma ya bati.

Sasa hapo ndo Mjomba akaenda kufungua tangi akachovya kijiti. Akakitoa akakiangalia na tochi. Akarudi ndani, akaangalia nani mdogo kuliko wote, macho yakatua kwangu.

"Dogo, chukua baiskeli, nenda Msamvu, lita tatu. Chenji unirudishie."

Akanipa noti ya elfu tano na kidumu cha njano kile cha mafuta ya kula. Zamani mtoto ukitumwa na mkubwa hauulizi, na tena ukweli wenyewe hata sikuumia. Tatu bila, Milan, naenda kuangalia nini tena pale? Nikapanda baiskeli, nusu ya safari miguu haifiki kwenye pedeli nasukuma tu nikiwa nimesimama, nikafika sheli, magari mawili tu na roli moja, nikawekewa, nikafunga kidumu kwenye keria na mpira wa tyubu, nikarudi.

Kwa miaka ishirini stori yangu ukiniuliza kwa nini nilichelewa (na wachache sana walijua kwamba nilitumwa) inasema sheli kulikuwa na foleni. Hakukuwa na foleni. Nilichelewa kwa sababu ya chipsi.

Nyumba kama nne kabla ya kufika bandani kulikuwa na kijana anakaanga chipsi chini ya mwembe, kwa kibatari sababu umeme hakuna. Mi nina chenji ya Mjomba mfukoni, nina huzuni, na nina njaa maana bibi akijua uko bandani chakula chako anakifunika halafu anakaa karibu nacho. Nikasema chipsi kavu za mia tatu. Jamaa akasema subiri dogo, mafuta bado. Nikaegesha baiskeli kwenye mti, kidumu nikakiweka mbali na jiko kama mtu mwenye akili, nikakaa kwenye tofali.

Mafuta yanaanza kuchemka, nikasikia bandani kelele. Mojaaa. Ile kelele ya goli unaijua hata ukiwa chooni, haifanani na ya kukosa. Muuza chipsi ananiangalia, nani kafunga? Nikamwambia Milan. Kwa akili yangu ilikuwa wazi kabisa, bandani kumebaki Man U na Arsenal, wao wanashangilia Milan, sasa kelele kubwa hivyo itakuwa ya nani. Nne bila hiyo.

Chipsi hazijageuzwa, kelele tena, kubwa kuliko ya kwanza. Tano. Nikacheka mwenyewe. Nikasema leo tutapigwa kumi, bora nile hapa hapa.

Ya tatu ndo ilikuwa ya ajabu. Kwanza ikaja kelele ya kawaida, ikanyamaza. Kimya kama dakika nzima au zaidi, halafu ikaja ile aaaah ya kuvunjika moyo, na kabla hiyo aaaah haijafika mwisho ikageuka ikawa kelele ya goli, yaani zimeungana, kama mtu analia katikati akaanza kucheka. Muuza chipsi akasema hao wanapigana. Nikamwambia hapana, ni sita. Nikaomba aongeze chumvi na ile pilipili yake, nikala zote taratibu na kijiti, nikanyonya na kipande cha limao.

Unaelewa nilichokuwa nasikiliza? Ya kwanza ni Gerrard dakika ya 54, krosi ya Riise, kichwa. Ya pili ni Smicer dakika ya 56, shuti la mbali la chini, kipa wao Dida kalala kachelewa, na Smicer mwenyewe aliingia kwa bahati mbaya ya Kewell kuumia kipindi cha kwanza. Ya tatu Gattuso kamuangusha Gerrard ndani ya boksi, ndo ile kelele ya kwanza, kimya ni Xabi Alonso anasubiri kupiga, aaaah ni Dida kaitoa, na kicheko ni Alonso kaufuata mpira ule ule kaupachika juu. Dakika ya 60. Nilikuja kuvipanga hivyo baadaye kwenye marudio, sauti na picha vikakaa sawa kama mfuniko na sufuria. Mpaka leo nikiangalia hiyo penati nasikia harufu ya mafuta ya kukaangia.

Nafika bandani naona watu wamejaa tena, wengine wamesimama nje wanachungulia kwenye matundu ya bati, na kuna jamaa mmoja wa Liverpool, mtu mzima na familia yake, amevua shati. Nikauliza ngapi? Akanishika mabega akanitikisa, "Tatu tatu! Tatu tatu dogo! Ulikuwa wapi we mtoto?"

Nikajua wananitania. Nikapenya, na kitu cha kwanza nilichokiona kwa macho yangu mwenyewe kipindi cha pili ni Traore anaokoa mpira wa Shevchenko kwenye mstari wa goli. Traore! Huyu nasikia haftaimu aliambiwa anatoka, kocha Benitez akaja akabadilisha baada ya kuambiwa Finnan kaumia, akatoka Finnan akaingia Hamann. Kile kitendo cha kubadilisha mtu mmoja ndo kilichofunga ile njia ya Kaka. Nikaangalia juu kwenye kona ya TV, 3-3. Nikaangalia tena. Mdomo wangu bado una pilipili.

Ikaja shida ya jenereta. Petroli ipo kwenye kidumu lakini Mjomba anasema hawezi kumimina mashine ikiwa inaunguruma, itatuchoma wote, lazima azime. Dakika ya themanini hiyo. Watu walimwambia Mjomba ukizima tunakuzima. Wakamzunguka. Mzee wa watu akabaki amesimama na faneli ya chupa ya maji iliyokatwa mkononi, kila baada ya dakika anachovya kijiti. Tulimalizia dakika tisini kwa mvuke nadhani. Filimbi ilivyolia tu akazima, giza, mi nimeshika tochi, yeye anamimina, petroli nyingine inanimwagikia vidoleni, akavuta kamba, TV ikawaka, na ile dikoda ya kishenzi ikaanza tena kutafuta. Ekstra taimu dakika kama nne za mwanzo hatuzijui. Hakuna aliyeondoka lakini, tumekaa tunaangalia skrini ya bluu watu mia kimya kama tuko msibani.

Dudek na Shevchenko pale mwishoni nadhani hakuna haja ya kuisimulia, mtu yeyote wa mpira anaijua. Ila niseme hivi, tuliyoiona sisi ilikuwa ya chenga chenga kidogo, Shevchenko kapiga kichwa, Dudek katema, Shevchenko tena hatua mbili kutoka golini na mguu, na sote, Man U kwa Arsenal kwa Liverpool, tulishasema goooli. Mpira ukaenda juu. Hatukuelewa umeendaje juu. Kulikuwa na fundi baiskeli pale akasema huyu kipa ana jini, na ile kauli ilikubalika banda zima bila mjadala.

Penati, Serginho juu, Pirlo kadakwa, Dudek anacheza cheza kwenye mstari kama mlevi. Wanasema Carragher ndo alimwambia afanye hivyo kama Grobbelaar, kipa wetu wa zamani, alivyofanya kwenye fainali ya Roma 1984. Kwetu Hamann kafunga, Cisse kafunga, Riise kakosa, Smicer kafunga. Mwisho Shevchenko, mpira wa dhahabu na kila kitu, kapiga katikati, Dudek kaangukia upande ila mkono ukabaki. Saa sita na nusu usiku hivi. Bibi aliniambia kesho yake kwamba alidhani ni uchaguzi.

---

Sasa kwa nini nayaandika haya. Tarehe 25 mwezi wa tano mwaka 2025 ilikuwa Jumapili na ilitimia miaka ishirini kamili, na mi na wanangu wawili wa toka banda lile, wote sasa tuko Dar, tukasema tukutane kwangu Mbagala. Mmoja ni Liverpool na Simba kama mimi, mwingine ni Man U na Yanga, yaani mtu wa kukukera pande zote mbili.

Ratiba ya siku ile ukiiangalia unaona kama kuna mtu kaipanga. Jioni Simba na RS Berkane, fainali ya Shirikisho marudiano, Zanzibar pale Amaan baada ya kuhamishwa kutoka kwa Mkapa. Kule Morocco tulipigwa mbili bila. Saa kumi na mbili Liverpool na Crystal Palace pale Anfield wanakabidhiwa kombe la ligi, la ishirini. Halafu usiku tukapanga tuiangalie Istanbul nzima, sio vipande, nzima, kwenye laptopu nimeiunga na TV, ianze saa 3:45 dakika ile ile.

Wiki nzima magrupu ya Simba yalikuwa yanatuma picha za Gerrard na maneno tunapindua meza. Mi mwenyewe nilituma. Istanbul walikuwa tatu chini sisi tuko mbili tu, hesabu gani hiyo. Mutale akafunga mapema, dakika ya 17, nikavunja glasi ya mke wangu. Nikasema ndo hiyo, ndo hiyo. Halafu kipindi cha pili ndo kwanza kimeanza Kagoma kala nyekundu. Mukwala kafunga, tumekimbia mpaka nje getini, VAR, ile video ya marefa, ikasema rudini ndani. Na mwishoni kabisa, dakika za nyongeza, Sidibe wa Berkane akasawazisha. Moja moja, jumla tatu moja. Yule wa Yanga hakusema neno, alichukua tu karanga akala moja moja, na hiyo iliuma kuliko angesema. Safari hii sikuondoka, sikwenda kwenye chipsi, nilikaa mpaka filimbi ya mwisho na nilichopewa ni goli la dakika ya tisini na tatu.

Ya Palace ikawa moja moja pia, Salah akasawazisha mwishoni, Van Dijk akainua kombe, sawa, tukapiga makofi, ila furaha ilikuwa imechanganyika na msiba.

Saa 3:45 tukaiwasha Istanbul.

Ukiiangalia ile mechi nzima ukiwa mtu mzima unashangaa vitu vingine kabisa. Kwanza kipindi cha pili hakikuanza na Liverpool wanashambulia kama tunavyosimulia, kilianza na Shevchenko anapiga faulo kali Dudek anaitoa, ingeingia ile ilikuwa nne na mimi na chipsi zangu ningekuwa sahihi. Pili, baada ya tatu tatu Liverpool hawakucheza tena, walikaa nyuma wanateseka, Carragher misuli inambana mpaka unamuonea huruma, Gerrard kaishia kucheza beki ya kulia anamkimbiza Serginho. Zile dakika sita zilikuwa raha tu, ila kile kilichofuata, saa nzima kamili kutoka ya 60 mpaka ya 120 ya kuzuia Milan ile na mabeki wale, hicho ndo mi naona muujiza wenyewe. Na hicho kwa bahati sehemu kubwa nilikiona.

Halafu kumbukumbu za watu nazo ni kichekesho. Jamaa yangu wa Liverpool miaka yote anaapa kwamba Gerrard alipiga penati ya mwisho. Ameapa mpaka kwa watoto wake. Tukawekeana buku tano. Tulivyofika kwenye penati anasubiri Gerrard, anasubiri, Shevchenko kakosa, imeisha, Gerrard hajapiga hata moja, zamu yake haikufika. Akasema hii video wameikata.

Lakini kabla ya hapo, ilivyofika dakika ya 53, nikawaambia simamisheni kwanza. Nikasimama mbele ya TV, pale pale ninaposimamaga kuigiza. Nikawaambia wanangu, mi hili goli siku ile sikuliona. Nilikuwa nje, nakula chipsi kwa chenji ya Mjomba, nikajua Milan anaongeza.

Kimya. Wakaangaliana. Yule wa Yanga akaweka karanga chini.

"We unadhani hatujui?"

Wanajua! Walijua toka siku ile. Anasema niliingia na midomo inang'aa mafuta kwenye mwanga wa TV, nanuka petroli mkono mmoja na limao mkono mwingine, na nilivyosema foleni ya sheli kila mtu alinyamaza kwa sababu goli ni tatu tatu nani ana muda na mtoto. Nikauliza sasa miaka ishirini mnaniacha naigiza? Akasema, "Kaka, walioliona tuko wengi, ila hakuna anayemuigiza Gerrard kama wewe. Kaa chini tuangalie."

Nikakaa. Riise krosi, imegonga mtu imerudi, Riise tena, Gerrard kichwa. Nilipiga kelele kama sijawahi kuliona maishani, mke wangu akatoka chumbani.

Usiku ule ule nikatafuta namba ya Mjomba. Siku hizi yuko Kilosa analima, mzee kabisa sasa. Nikamtumia elfu tano kwenye simu, halafu nikamrekodia vois noti, shikamoo Mjomba, ni yule dogo wa baiskeli, hiyo ni chenji ya petroli ya 2005, nilikulia chipsi, naomba unisamehe. Sikujua kama atanikumbuka.

Asubuhi nikakuta kajibu. Sekunde kumi na kitu, kuku wanasikika nyuma.

"Marahaba. Chenji nimeipata. Ila dogo, mimi ni Milan, toka enzi za Van Basten. Ungekaa kwenye hizo chipsi dakika arobaini nyingine jenereta lingezima na watu wangeenda kulala."